Katambuga la Kamba Mpya

Mwezi wa saba ukifika, watu wa Same walikuwa wakitutambua kwa midomo. Tulishuka kutoka milimani midomo imepasuka, mashavu yamekauka, tumevaa makoti mazito ya babu zetu, nao wako sokoni na mashati mepesi wakijipepea kwa vipande vya boksi. Walitucheka. Wachuuzi walituuliza kama huko juu tunafuga barafu. Sisi nasi tuliwacheka kwa vumbi lao na mbu wao, tukanunua chumvi, sabuni na mafuta ya taa, tukapanda tena kabla jua halijatuchoma.

Hicho ndicho kipupwe nilichokulia. Kuanzia Juni mpaka Agosti ukungu ulikuwa ukitukalia siku nne, siku tano, bila kuondoka, na nguo iliyofuliwa Jumatatu ilivaliwa Jumamosi ikiwa bado mbichi. Nyumba nyingi zilihamia jikoni. Watu walizunguka mafiga, wakachemsha makande ya siku mbili, wakasimuliana kesi zao za mipaka ya mashamba, maana sisi Wapare tukikosa kazi ya jembe tunapata ya mahakama. Mtoto aliyetoka nje bila sababu aliitwa ndani kwa ukali.

Nyumbani kwetu mambo yalikuwa kinyume. Baba yangu alikuwa mrina asali, na kipupwe ndicho kilikuwa msimu wake wa kutembea. Wakati huo nyuki hutulia ndani ya mizinga, hawana hamu ya kupigana na mtu, kwa hiyo ndio wakati wa kushusha mizinga iliyooza, kuikwangua, kufunga kamba upya na kutundika mipya. Mizinga yake ilitawanyika msitu mzima wa Shengena, mingine huku kwetu, ambako siku ya anga wazi unaiona Gonja chini kabisa, mabati yake yanameta, mingine ule upande wa pili. Kuizungukia yote kulichukua kipupwe kizima.

Alipaswa kuwa na mtoto wa kiume wa kumfuata. Alipata mabinti wanne, na mimi, wa pili, nilikuwa sikaliki jikoni. Nilimfuata mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa, akanifukuza. Nikamfuata tena, akanirushia bonge la udongo. Mara ya tatu alinitazama, akatikisa kichwa, akanipa kamba nibebe. Tangu siku hiyo nilikuwa mtu wake wa msituni.

Naweza kusema bila aibu kwamba sijawahi kuwa na furaha kama ile. Tuliondoka alfajiri miguu imepakwa mafuta ya kondoo, makande baridi yamefungwa kwenye jani la mgomba, miwa miwili mkononi. Tulivuka vijito vyenye maji yanayouma mpaka mifupani, na baba alinilazimisha ninawe uso katika kila kijito, eti damu iamke. Nilipanda miti mirefu kwa kamba kiunoni, nikiwa juu huku mzinga unaning'inia na yeye yuko chini akivuta, na matone ya ukungu yakinidondokea shingoni kutoka kwenye kuvumwani iliyoning'inia matawini. Mbega walitutazama kama watu wasioalikwa. Tulikula tumesimama, maana ukikaa unaganda. Jioni nilirudi nimetota, natoa mvuke kama sufuria, na mama akinikaripia mbele ya wageni kwamba sitapata mume wa kuoa mtu mwenye magaga kama yale. Mimi nilikuwa nayaonea fahari magaga yangu.

Baba alikuwa mpole ila kwa jambo moja, nalo lilikuwa ukungu. Ukungu wa kule ukishuka huoni hata kiganja chako mwenyewe, na njia zetu zilikuwa nyembamba, upande mmoja mti, upande wa pili korongo. Ndiyo maana warina wote wa kwetu walishika utaratibu mmoja. Anayetangulia huita, "Huuu!" Anayefuata huitika, "Huu-hu!" Mkipotezana, aliyepotea husimama palepale alipo, hasogezi mguu, anaita mara tatu, anatulia, anaita tena. Na yeyote anayesikia, awe mwenzake, awe mgeni, hata awe mtu ambaye wana kesi mahakamani, lazima aitike. Hakuna udhuru. Baba alinieleza kisa cha ndugu wawili waliogombea shamba mpaka wakawa hawaamkiani, na bado mmoja akamwitikia mwenzake ukunguni, akaenda kumtoa, kisha wakaendelea kununiana.

"Msitu huu wote tunaweza kuutembea kwa sababu hiyo tu," aliniambia. "Ukiita, utaitikiwa. Usipoamini hilo, kaa jikoni na mama yako."

Niliamini. Nilikuwa nikisimama kwenye ukungu mzito mithili ya pamba, sioni kitu, moyo umetulia tuli, kwa sababu nilijua nikifungua mdomo atanijibu. Miaka minane ilipita hivyo na hakuna hata mara moja aliyokosa.

Mwaka wa Azimio la Arusha nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza darasa la nane, sina shule ya kuendelea nayo. Mtakumbuka vijana walivyokuwa wakitembea mwaka ule. Kila pembe ya nchi walitoka kwa miguu kuunga mkono Azimio, wengine wakienda mkoani, wengine wakienda mpaka Dar es Salaam, na redio ilisoma walikofika. Kwa wazee lilikuwa jambo la siasa. Kwangu mimi lilikuwa jambo la miguu. Nilipiga hesabu za njia kichwani: Makanya, Hedaru, Mombo, Korogwe, na huko mbele majina niliyoyajua kwa ramani ya ukutani tu. Nilitaka kuyakanyaga yote. Sikuwa na jambo jingine la kutaka.

Katibu wa vijana wa chama alipanda kwetu mwezi wa sita akafanya mkutano nje ya shule. Alisema kutoka milima yetu wanahitajika vijana watatu wenye nguvu wa kutembea mpaka Dar es Salaam. Wavulana wawili walijitokeza, nami nikasimama. Watu wakaguna. Katibu hakucheka, ila alisema binti hawezi kwenda bila idhini, akauliza kama mzazi yupo.

Baba alisimama nyuma kule, akavua kofia. "Mimi ndiye," alisema. "Huyu binti ana miguu kuliko hao wavulana wenu. Ameuzunguka mlima huu kwa kipupwe tangu akiwa mdogo, na hajawahi kuniambia amechoka. Mchukueni."

Walimpigia makofi. Katibu alimwita mzazi wa mfano, akasema nchi mpya inahitaji wazee wa namna ile. Nami nilimtazama baba kwa fahari.

Tulitakiwa tuwe Same Jumamosi saa moja asubuhi, msafara uondoke kabla ya jua. Wale wavulana wawili walishuka Alhamisi wakalale kwa ndugu zao. Mimi ningeshuka Ijumaa, kwa sababu baba alitaka anisindikize mwenyewe mpaka msitu uishe. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya msitu, na kuukata kulichukua nusu siku. Ukiishatoka ni mteremko tu mpaka tambarare. Jumatano nzima alikaa barazani akitengeneza makatambuga yangu. Soli zilikuwa za tairi la lori, ngumu, zimebaki na miaka mingine kumi, lakini kamba zilikuwa zimechoka. Alizing'oa zote, akakata kamba mpya kutoka kwenye mpira wa ndani wa tairi, akazipitisha moja moja, akazivuta kwa meno. Alifanya kazi ile kwa upole mwingi.

Ijumaa tuliondoka kukiwa na ukungu hasa. Mama alinipa kifurushi cha chakula na kanga mpya. Baba alitangulia kama kawaida yake, nami nikafuata. Aliita, nikaitika. Aliita, nikaitika. Tulipofika kwenye mgongo wa mlima, mahali ambapo njia inagawanyika katikati ya miti mikubwa, nilisikia wito wake upande wa kushoto, nikaenda kushoto. Wito uliofuata ulikuwa mbali zaidi. Kisha haukuwapo tena.

Sikuwa na wasiwasi. Nilisimama palepale kama nilivyofundishwa. Niliita mara tatu, nikatulia. Niliita tena mara tatu. Kimya, ila matone yanaanguka kwenye majani. Nikajiambia amevuka kijito, maji yanamziba masikio. Nikaita tena.

Katika kusogeza mguu nipate joto, kamba ya katambuga la kulia ilichomoka kwenye soli. Kamba mpya, ya juzi! Nikainama nikalivua, nikalishika mkononi, na kwa kuwa sikuwa na mtu wa kumgombeza nikaligombeza lenyewe, kwa sauti.

"Hata wewe!" nikaliambia. "Umevalishwa kamba mpya kama bibi harusi, halafu siku ya kutoka mbele za watu ndiyo unaniaibisha? Huna haya!"

Nilicheka peke yangu. Ndipo nikasikia chafya. Haikuwa chafya kamili, ilikuwa imebanwa, kama ya mtu aliyeziba pua kwa kiganja, na ilikuwa karibu sana, labda hatua ishirini. Baba alikuwa mnusaji wa ugoro na chafya zake nilizijua. "Baba!" nikaita. "Baba, niko huku! Huuu!" Hakuna aliyeitika. Niliita mpaka sauti ikakwaruza. Mwishowe nikajiambia kwamba alikuwa paa, maana paa naye akishtuka hutoa sauti ya puani kama ile. Paa, nikasema. Ni paa tu.

Basi nikasimama. Hapa ndipo ninapojichukia mpaka leo, kwa sababu njia ya kushuka ningeweza kuitafuta. Kijito nilikisikia chini yangu, na vijito vyote vya upande ule huteremka tambarare. Lakini sheria ilisema simama, nami nilikuwa mwanafunzi mwema. Nilisimama asubuhi yote katika baridi ile, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna, naita, natulia, naita, nikingoja kuitikiwa na mtu ambaye hakuwahi kuniangusha. Nilipata kiwewe, kisha nikaanza kumhofia yeye: labda ameteleza korongoni, labda ameumia. Nililia kwa ajili yake.

Ukungu ulinyanyuka jua likiwa limeshapita utosini. Njia ilikuwa mbele yangu, karibu mpaka ikanitia aibu. Nilitazama korongo lote nisimwone baba, nikajiambia amerudi nyumbani kunitafuta. Nikafunga kamba kwa kipande cha kanga, nikashuka kwa kukimbia. Giza lilinikuta kwenye vilima vya chini, nikaomba kulala kwa mama mmoja aliyekuwa akikoboa mahindi uani. Kesho yake niliingia Same saa nne.

Uwanja ulikuwa mtupu. Kulikuwa na alama nyingi za miguu kwenye vumbi, na mwanamke mmoja anafagia majani ya miti yaliyotupwa na waliokuwa wakiaga. Karani wa ofisi ya chama alinionyesha orodha. Jina langu lilikuwa limekatwa kwa mstari, mstari mmoja ulionyooka, kwa rula.

"Tulikungoja nusu saa, dada," alisema. "Tukadhani wazee wamekukatalia."

"Baba yangu hawezi kunikatalia," nilimjibu, tena kwa hasira.

Niliwafuata. Dereva wa lori la mkonge alisimama akaniambia panda, nitawakuta kabla ya saa sita. Nilikataa. Tulikuwa tumeambiwa kila hatua ni ya mguu, na nilifikiri nikipanda lori nitakuwa nimewadanganya wenzangu. Angalieni ujinga huo! Nilitembea kwenye jua la tambarare, mimi mtu wa ukungu, nikiburuza katambuga bovu, mpaka nikafika kwenye mashamba ya mkonge ng'ambo ya Makanya. Wafanyakazi waliotoka mikoa ya mbali, sijui Ubena sijui Umakonde, walinipa maji wakaniambia msafara umepita zamani, unaimba. Walinionyesha kwa mkono ulikoelekea. Nilisimama nikatazama ile barabara mpaka macho yakauma, kisha nikageuka.

Nilifika nyumbani Jumatatu. Baba alikuwa barazani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Ukungu ule haukuwa wa kawaida," alisema. "Nilikuita mpaka koo likakauka."

Nami nilipiga magoti, nikamwomba radhi kwa kutokusikia. Nilimwomba radhi! Alinishika kichwa, akasema yameisha, mambo ya Mungu hayo. Kipupwe kile tulirudi kwenye mizinga kama kawaida, na nilipanda miti, na nilivuka vijito, nikijitahidi nisiyasikilize majina ya miji kwenye redio.

Miaka miwili baadaye walikuja wazee wa kuniposa. Kijana alikuwa mwalimu huko Lembeni, mtu mtaratibu, nami sikuwa na neno naye. Wazee wake walikaa kwenye viti vya kuazima, dengelua, pombe yetu ya miwa, ikazunguka, na kama ilivyo ada baba wa binti akaanza kumtania binti yake mbele ya wakwe ili wasije wakasema waliuziwa kondoo wakapelekewa chui. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kibuyu, zamu yangu ya kumimina.

"Huyu mnayemtaka ana ulimi," baba alisema, tayari amechangamka. "Msimwone amenyamaza hivyo. Huyu hugombana hata na viatu. Siku moja alilishika katambuga lake, akalisomea mashitaka: 'Umevalishwa kamba mpya kama bibi harusi, unaniaibisha mbele za watu, huna haya!'"

Wazee walicheka mpaka mmoja akamwaga. Mimi kibuyu kilibaki hewani. Maneno yale sikuwa nimemwambia mtu. Si mama, si dada zangu, si mtu yeyote. Niliyasema mara moja tu, msituni, peke yangu, kwa katambuga. Niliinua macho nikamtazama baba, naye akaniona ninavyomtazama, na kicheko chake kikakatika katikati. Alitoa kopo lake la ugoro akaanza kulifungua, na kifuniko kikamshinda.

Nilimimina. Nilizunguka viti vyote, nikampa na yeye, kwa mikono miwili na goti chini, kama binti aliyefunzwa.

Kesho yake nilimfuata mama kisimani. Nilimweleza habari ya katambuga na ile chafya, nikamuuliza kama alijua. Alijaza ndoo yake yote kwanza.

"Sikujua, nilihisi," alisema. "Alirudi siku ile jioni ametota, anatetemeka. Nikamuuliza, mmepotezana? Akasema ndiyo. Sasa mtu aliyempoteza mwanawe msituni si hupiga kelele, akusanye majirani? Yeye alikaa jikoni. Baba yako! Kwenye kipupwe! Akaota moto mpaka usiku."

"Kwa nini hakuniambia hapana?"

"Angekwambia hapana mbele ya katibu? Baada ya makofi yale? Wangesema anapinga Azimio. Halafu safari ya wiki kadhaa, wewe na wavulana, mnalala mashuleni." Mama alinitwisha ndoo. "Lakini, mwanangu, hakukuacha peke yako. Alisimama karibu nawe muda wote. Alikulinda."

Alisema hivyo kunifariji, na ndilo lililonimaliza. Angekuwa mbali ningemsamehe. Angeniambia hapana, hata angenifungia ndani, ningelia siku tatu, ningemnunia mwezi, yangekwisha. Lakini alikuwepo. Alisimama hatua ishirini, ameziba pua kwa kiganja, akinisikiliza ninavyomwita na kumlilia, na hakufungua mdomo. Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa mbele ya kijiji kizima, kisha akautumia ukungu umfanyie kazi yake. Tena alijua hasa kwamba sitasogea, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kusimama. Safari ya Dar es Salaam ilikuwa imenipita, hiyo niliweza kuimeza. Kilichonipita zaidi ni ule utulivu wangu wa zamani. Tangu siku ile ya posa sijaweza kusimama ukunguni moyo usinidunde.

Niliolewa nikaenda Lembeni, kwenye joto, reli, vumbi na watu wanaouza nyanya kwenye behewa. Nilijifunza kupenda kivuli. Mume wangu aliniuliza mara nyingi kwa nini sipandi nyumbani kipupwe, nami nilisema kifua hakitaki baridi. Ilikuwa kweli kwa namna yake. Huko juu miaka ilikwenda. Vijiji vya ujamaa viliundwa, watu wakapangwa kwenye mistari kando ya barabara, mizinga ya baba ikaandikishwa kuwa ya kijiji. Niliambiwa yeye aliendelea kuizungukia kama yake, peke yake, bila mtu wa kumwitikia. Nilisikia hilo nikaendelea na kazi zangu.

Nilipanda mwaka ambao mama aliumwa mguu. Ulikuwa mwezi wa saba, na nilimchukua binti yangu wa pekee, ana miaka minane, ana miguu mirefu na maswali mengi. Siku ya tatu babu yake alimpakaza mafuta ya kondoo miguuni akamwambia atampeleka kuona mzinga. Nilisema nami nakwenda.

Baba alikuwa amezeeka. Mgongo umepinda, koti lile lile, kopo lile lile. Mwanzo wa msitu alisimama akamwinamia mtoto, na nilijua atasema nini kabla hajasema.

"Ukungu ukitufunika, mimi nitaita hivi: Huuu! Ninyi mtaitika: Huu-hu! Ukipotea, simama palepale. Usisogeze hata mguu. Ita, utaitikiwa."

"Na kama hujanisikia, babu?"

"Nitasikia."

"Na kama umenisikia ukanyamaza tu?"

Baba alicheka kidogo. Hakunitazama. "Nani akusikie anyamaze?" alisema. "Kwetu hakuna mtu wa namna hiyo."

Miaka kumi yote nilikuwa nimejiandalia maneno, marefu, mazuri, ya kumlaza chini; pale niliyaacha yote. Nilimshika mtoto bega.

"Sikiliza," nikamwambia, na nilihakikisha babu yake anasikia. "Ukipotea, usisimame. Usimngoje mtu. Sikiliza maji yalipo, uyafuate, yatakushusha mpaka chini kwa watu. Umeelewa?"

Mtoto alinitazama, akamtazama babu. "Sasa nimfuate nani?"

Baba alikuwa ameishika fimbo yake kwa mikono miwili. Matone yalikuwa yakimdondoka kwenye ukingo wa kofia.

"Mfuate mama yako," alisema. "Mama yako ana haki."

Hayo ndiyo yote aliyoyatoa. Akageuka akatangulia, na ukungu ukamla mara moja, kwanza fimbo, kisha koti. Tulimfuata mimi na mtoto tumeshikana mikono. Njia niliikumbuka kwa nyayo. Tulipofika pale kwenye mgongo wa mlima, kwenye miti mikubwa, sauti yake ilikuja kutoka kushoto, nyembamba, imechoka.

"Huuu!"

"Huu-hu!" mtoto aliitika, kwa furaha iliyonichoma.

Alikuwa amehesabu watu wawili nyuma yake, na ameitikiwa na mmoja. Nilisikia fimbo inasimama. Aliita tena. Mtoto akaitika tena. Akaita mara ya tatu, na safari hii hakuwa akimwita mtoto. Aliliita jina langu la utotoni, ambalo hakuna mwingine aliyebaki analitumia. Hakusogea. Alisimama palepale, kama alivyonifundisha, akingoja. Alikuwa karibu sana, nilimsikia anavyohema.

Mtoto alinivuta mkono. "Mama, babu anakuita."

"Namsikia," nikasema.